Pumzi ya Kuitikia Salamu

Nimetumwa kuwagombeza, kwa hiyo mwenye vile vidude vya muziki masikioni avitoe kwanza.

Jumapili baada ya misa alikuja kwangu mama mmoja wa huku kwetu. Akakataa kiti, akakataa chai, akasema vijana wa jogingi mmeharibika. Jumamosi asubuhi mlimpita na ndoo yake kichwani kwenye kilima cha kutoka bondeni, kundi zima, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Ikabidi aanze yeye mwenyewe, mtu mzima wa umri ule. Akasema hamjambo wanangu, akamwuliza mmoja wenu mguu wa mama yake unaendeleaje. Mkamnyanyulia mkono kama trafiki anayesimamisha lori, mkapita. "Wewe ndiye uliyefundisha watu mazoezi hapa Ngara," akaniambia. "Basi hiyo ndiyo kazi uliyofanya miaka yote?"

Nilichomjibu nitawaambia baadaye. Na mimi nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, maana kibaraza changu kinatazama kilima kilekile. Nilimwona mwenzenu ameinama kwenye migomba ya watu anatapika, na ninyi mmesimama mnampigia makofi. "Hapo sasa!" mlikuwa mnasema. "Hayo ndiyo mazoezi!" Nilicheka, nitakuwa mwongo nikisema sikucheka. Lakini roho iliniuma kidogo, kwa sababu makofi kama hayo hata mimi nimewahi kuyapiga, na niliowapigia walikuwa wagonjwa.

Kwa msionijua, mimi ni Filbert, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimefanya kazi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini. Nilianzia hapa Ngara, nikahamishiwa Biharamulo, nikarudishwa Ngara nikastaafia hapa. Chumba chetu watu walikiita "kwa wanyooshaji". Aliyevunjika mguu kwa pikipiki aliletwa kwetu, aliyepooza upande aliletwa kwetu, na miaka ya mwisho wakaanza kumiminika wale wa presha na sukari, ambao daktari amewaandikia neno moja tu kwenye kadi: mazoezi. Daktari akishaandika hivyo anakwenda zake kunywa chai. Anayebaki na mgonjwa ni mimi, na mgonjwa anauliza swali ambalo halimo kwenye kadi. Mazoezi kiasi gani?

Mkidhani jibu ni "mpaka utapike", msogee karibu.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja, Leokadia, nesi wa siku nyingi, mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilipofika nilikuwa kijana ninayejua kila kitu. Siku ya kwanza kuachiwa mgonjwa peke yangu nilipewa mzee mpasua mbao, Bwana Sospeter, aliyekuwa anatoka kwenye ugonjwa wa moyo. Tulikuwa na kingazi cha mbao cha kupanda na kushuka. Nikampandisha, nikamshusha, nikashika mshipa wa mkono wake kwa kidole gumba, nikatazama saa ya ukutani. Mapigo mazuri, yametulia. Nikamwambia aongeze. Nikapima tena, yametulia vilevile.

"Ongeza, mzee, una moyo wa kijana!" nikamwambia, na makofi nikampigia.

"Mbona naona nyota mchana?" akasema Bwana Sospeter.

Mama Leokadia akaja, akamkalisha mzee, akautazama mkono wangu, akauliza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "Filbert, unampima nani?"

Kidole gumba kina mshipa wake unaopiga. Muda wote ule nilikuwa najipima mwenyewe, nimekaa kwenye stuli, sijapanda hata ngazi moja. Mshipa wa mtu unashikwa kwa vidole viwili vinavyofuata gumba, na tangu siku ile sijasahau. Bwana Sospeter alipona, namshukuru Mungu, lakini kila tulipokutana sokoni aliniuliza mbele za watu moyo wangu unaendeleaje.

Hata nilipojua kushika mshipa vizuri, shida haikuisha. Kitabuni kulikuwa na hesabu ya kutafuta mapigo ya juu kabisa ya moyo wa mtu kwa kutoa umri wake kwenye namba fulani. Hesabu nzuri. Sasa mwulize bibi wa Rulenge ana miaka mingapi. Anakwambia alizaliwa mwaka ule nzige walipomaliza mtama. Unatoa nzige kwenye namba gani? Halafu ziko dawa za presha zinazoushikilia moyo usikimbie, kwa hiyo mgonjwa anakaribia kuanguka na mshipa unasema hajambo. Msizidharau saa zenu za kuhesabu mapigo, ni kitu kizuri, ila saa haijui umemeza nini asubuhi.

Mama Leokadia alikuwa na njia yake. Mgonjwa akiwa katikati ya zoezi anamwuliza, "Nyumbani mmepika nini jana?" Akijibu sentensi nzima, na anavuta pumzi katikati, mwache aendelee. Akianza kumweleza mapishi na kumwimbia, amelala huyo, mwongeze. Akisema "maha... rage", mpunguzie sasa hivi. Ndiyo shule yote niliyosoma. Mengine yaliyokuja baadaye, chati za ukutani na semina za hotelini, yalisema hayohayo kwa maneno marefu.

Biharamulo niliikuta na ugonjwa wa upande wa pili. Hapa Ngara mtu akitoka mlangoni tu amekutana na kilima, miguu inafanya kazi bila kuombwa. Kule kuna tambarare ndefu. Akina mama wa Nyarubungo waliunda kikundi cha kutembea jioni kupunguza mwili, wakatembea miezi mitatu, na magauni yakabaki yanabana palepale. Wakaja kunilaumu. Nikawafuata siku moja nyuma nyuma. Jamani! Walikuwa wanaimba wimbo wa kwaya beti zote, sauti nne, hakuna anayekatisha hata kuvuta hewa. Kila nyumba wanasimama. Nyumba ya tatu waliletewa mihogo ya kuchemsha.

Nikawaambia: mkiweza kuimba, ongezeni mwendo. Mkiweza kuongea lakini kuimba hakuwezekani, kaeni hapohapo. Mkishindwa kutaja hata jina la mume, punguzeni.

"Daktari," akasema mmoja, "la mume wangu silitaji hata nikiwa nimekaa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Zainabu, aliyekuwa mkubwa wao, akasema yeye atataja majina ya watoto wa dada zake, wako kumi na mmoja, na akifika wa sita bila kupumua atajua anazembea. Njia hiyo ilifanya kazi kuliko ya kwangu. Walipungua.

Nikarudi Ngara nikijiona fundi. Na fundi anayejiona fundi ndiye anayefanya kosa ninalotaka kuwasimulia, kosa ambalo karibu limgharimu mtu nyumba yake.

Mama huyo anaitwa Perpetua. Wakati ule alikuwa ameshapita miaka sitini, mjane, anaishi peke yake juu ya kilima, shamba lake la maharage liko bondeni. Siku moja alianguka njiani akitoka shambani na mzigo wa kuni. Hospitali wakamkuta na presha, na sukari nayo imeanza kupanda. Mwanawe wa pekee, Deogratias, anafanya kazi Mwanza, akaja na gari asubuhi iliyofuata. Walikuja kwangu wote wawili na kadi yenye neno lile.

"Shikamoo, Daktari," Deo akasema. "Mimi naona mazoezi hayana haja. Mama namchukua. Kule ana chumba chake, televisheni, binti wa kazi. Atapumzika."

"Nipumzike nimefanya nini?" akauliza Mama Perpetua.

"Mama, umeanguka."

"Nimeanguka nikaamka. Huko Mwanza nitakaa kwenye kochi nitazame watu nisiowajua. Hapa kaburi la baba yako nalifyekea mimi." Akanigeukia. Aliniita Firiberiti, kama marehemu mama yangu alivyoniita, na sauti ile ilinimaliza nguvu. "Firiberiti, mwambie huyu. Naweza au siwezi?"

Ningepaswa kusema sijui, maana kweli sikujua. Lakini nilisema, "Anaweza." Deo akafikiri, akatoa masharti yake. Zilikuwa zimebaki wiki nane mvua zianze. Atarudi siku ya kupanda maharage. Mama akishuka bondeni na kupanda kilima mwenyewe, bila kuanguka, bila kuhema kama mbuzi aliyefukuzwa, atabaki kwake. Akishindwa, anaingia kwenye gari siku hiyohiyo, na nyumba inatafutiwa mpangaji. Mama Perpetua akaitikia kwa Kihangaza, "Ego," yaani ndiyo, na akampa mwanawe mkono kama wanaouziana ng'ombe.

Nikampa mpango. Kila asubuhi kutembea nusu saa, siku za kwanza sehemu tambarare ya juu, baadaye mteremko kidogo, baadaye zaidi. Kuhusu kipimo nilijiona mjanja sana. Nikasema mwanamke Mkatoliki wa Ngara, tangu ubatizo, rozari haimtoki mkononi. Salamu Maria ni sala yenye vipande viwili. "Mama, tembea ukisali rozari. Mwendo wako uwe ule unaoweza kusali kipande cha kwanza kwa pumzi moja, ukavuta hewa, ukasali cha pili. Ukikatika katikati ya kipande, punguza." Akafurahi. Nilifurahi zaidi yake, nikawahadithia wenzangu kantini kama mtu aliyevumbua redio.

Kila wiki alikuja nikamwuliza, "Unasali?"

"Nasali yote, Firiberiti. Siku hizi namaliza matendo matano kabla ya kufika kwa jirani yangu Kalisti."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mgonjwa anayemaliza rozari upesi zaidi kila wiki ana jambo. Mimi nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri sana.

Wiki ya tano jirani yake akapiga simu. "Daktari, Mama Perpetua amerara njiani! Hapa chini ya mikaratusi!" Nilikwenda mbio, mwenyewe nahema. Nilimkuta amekaa chini, jasho linamtiririka, kitenge kimelowa, rozari mkononi. Hakuwa amezimia, miguu tu ilikuwa imegoma. Wakati tunamnywesha maji, jirani mwingine mwenye haraka zake alikuwa ameshampigia Deo.

"Ulikuwa unasali?" nikamwuliza.

"Mpaka nilipokaa chini nilikuwa nasali."

"Kwa pumzi moja?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza swali la kitoto. "Pumzi ya nini? Mimi nasali moyoni. Ulitaka nipite barabarani napayuka kama muuza dagaa, watu waseme Perpetua anajionyesha kwa Mungu?"

Vijana, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Moyoni sala haihitaji hewa. Mtu anaweza kukimbizwa na nyuki huku rozari ya moyoni inatiririka bila kukatika. Wiki tano nilikuwa nimempa kipimo ambacho hakipimi kitu. Kilikuwa kidole gumba kilekile, miaka ishirini na kitu baadaye, na Mama Leokadia hakuwapo kuniuliza nampima nani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kesho yake nilitembea naye, kitu ambacho ningepaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Alikwenda mwendo wa kutisha, karibu kukimbia, kichwa chini. Nikamwuliza anakimbilia wapi. Akasema anataka kumaliza kabla watu hawajatoka.

"Kwa nini?"

"Firiberiti, mwanamke mzima anatembea barabarani asubuhi, mikono mitupu, hana jembe, hana ndoo, hata mtoto mgongoni hana. Wananiuliza, unakwenda wapi? Nawaambia siendi popote. Unatoka wapi? Sitoki popote. Watasema kichwa kimeharibika, Deo aje haraka. Ndiyo maana nakimbia."

Basi mnaona jinsi nilivyomtosa. Mimi nimemwambia atembee polepole, na mazingira yote yanamwambia akimbie ajifiche. Hakuna mpango wa mazoezi utakaoshinda aibu. Nikamwambia kuanzia kesho abebe ndoo tupu kichwani, na kata yake ya kitambaa, na jembe mkononi. Hiyo ndoo peke yake ilimpunguzia mwendo nusu nzima. Mwenye ndoo haulizwi.

Kilichobaki ni kipimo. Nikasema, haya, badala ya kusali, salimia kila unayekutana naye. Siku mbili nikamfuata kwa mbali. Watoto wa shule wanasema "shikamoo bibi", naye "marahaba", anakaza mwendo. Wanaoshona viatu, "shikamoo mama", "marahaba". Anahema na bado anaitikia vizuri kabisa! Nikagundua nimeingia mtego wa tatu. Mtu mzima anadaiwa neno moja tu, na neno moja hata anayezama majini atalisema. Anayepimwa pumzi pale ni mtoto wa shule, si yeye.

Nikamwekea sheria. Baada ya marahaba lazima aulize habari za watu watatu wa nyumba ile, kwa majina, bila kusimama. "Marahaba mwanangu, mama yako amepona, bibi yako amerudi kutoka Biharamulo, yule ndama vipi?" Akiweza kuuliza yote na kuvuta pumzi mara moja tu, mwendo ni huo. Akiishia kwa mama, apunguze. Akijikuta ameanza kusimulia habari za harusi, akaze miguu kidogo.

Hiyo aliipenda kuliko sala, Mungu amsamehe. Habari za kilima kizima zilikuwa zake sasa, kila asubuhi, na kwa ruhusa ya hospitali. Ndani ya siku kumi alijua nani ameposwa, nani amefukuzwa shule, na ng'ombe wa nani ana mimba. Na miguu ikaanza kukubali. Wiki ya saba aliteremka hadi bondeni, akapumzika, akapanda. Polepole, anauliza uliza njia nzima. Alipofika juu akanitazama akasema, "Kumbe kilima hiki ni kifupi."

Deo hakusubiri wiki nane. Baada ya ile simu ya jirani alikuwa amepanga kuja mapema, na alipofika alikuwa ameshamlipa dereva wa kubeba godoro. Nilipanda kwa Mama Perpetua nikawakuta wamesimama uani hawatazamani. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, limefungwa kamba.

"Daktari, nakuheshimu," Deo akaniambia, "lakini ulisema anaweza, akaanguka tena. Angekufa ningemjibu nani?"

Nikamweleza kosa langu lote, rozari, moyoni, ndoo, marahaba, nikaona anajizuia kucheka huku amekasirika. "Kosa lilikuwa langu, mama yako alitii," nikasema. "Mpe leo. Tushuke naye tupande naye. Ukiona hafai, godoro nitalibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari."

Tukashuka. Kwenye mteremko hakuna shida, kila mtu ni hodari. Bondeni mama akapiga majembe machache ili mradi, akanawa miguu mtoni, akajitwisha ndoo. Safari hii aliijaza maji nusu. Nilitaka kumkataza, akanikata jicho.

Tukaanza kupanda. Deo ni mtu wa ofisi, mrefu, kifua kipana, na alituambia njiani kwamba Mwanza anakwenda jimu mara mbili kwa wiki kunyanyua vyuma. Akatangulia. Alipanda kwa hasira, hatua ndefu, nadhani alitaka yaishe. Mama Perpetua akaja nyuma na mwendo wake uleule. Tukakutana na mama Kalisti. Salamu ndefu, habari za watu watatu, hatukusimama. Tukakutana na katekista, naye vivyo hivyo. Moyo wangu ulikuwa unadunda, na wala si kwa sababu ya kupanda. Nilikuwa namsikiliza pumzi yake kama mtu anayesikiliza redio wakati wa matokeo. Alivuta mara moja, akauliza. Akavuta, akauliza.

Chini ya ile mikaratusi tulimkuta Deo ameegemea mti.

"Deo," mama yake akamwita bila kusimama, ndoo kichwani, "mke wako hajambo? Watoto wanasoma? Yule mdogo meno yameota?"

Deo akafungua mdomo. Akanyanyua mkono. "Wa... haja..." Ikaishia hapo. Uso wake ulikuwa umeiva.

Mama Perpetua akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kupanda akasimama, akashusha ndoo, akamwangalia mwanawe. Nilidhani atamcheka, na angekuwa na haki. Hakucheka. Akachota maji kwa kiganja akamnawisha uso, mwanaume yule na kifua chake, kama anamnawisha mtoto wa kwenda shule.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Hatuna haraka. Ukiweza kunijibu habari za meno ya mtoto, tutaendelea."

Deo akakaa chini. Akacheka kwanza, halafu macho yake yakalowa, na sidhani ni maji ya ndoo. Tulikaa hapo mpaka akaweza kusema yote, mke, watoto, na yale meno, mawili ya chini. Tulipofika juu, godoro alilifungua kamba yeye mwenyewe akalirudisha ndani. Na mimi nililia kidogo njiani nikirudi, sioni haya kuwaambia. Nusura nimpotezee mtu nyumba yake kwa ujanja wangu.

Sasa ninyi. Sisemi msikimbie kwa nguvu. Mnaotaka kushindana mnahitaji siku za kukata pumzi, lakini hizo ni moja au mbili kwa wiki, siku nyingine mkimbie huku mnapiga soga. Mnaotaka afya tu, au kupunguza kitambi kinachoanza, soga inatosha mwaka mzima, ila isiwe ya akina mama wa Nyarubungo wa miezi mitatu ya kwanza. Na mnaonyanyua makopo ya rangi mliyojaza saruji, uzito unaowafaa ni ule unaowakunjisha uso mara mbili za mwisho. Ukikukunjisha uso tangu mara ya kwanza, rudisha kopo. Anayebanwa kifua au kuona nyota asimame na aje hospitali, wala asipigiwe makofi.

Na yule mama aliyekuja kunishtaki Jumapili, kama hamjamtambua, ndiye huyo huyo Mama Perpetua. Ameshapita sabini. Ile ndoo mliyoipita Jumamosi ilikuwa imejaa mpaka juu.

Nilimjibu hivi: "Mama, si jeuri. Hawakuwa na pumzi ya kukuitikia." Hapo akakubali kukaa, na chai akainywa. Alipomaliza akaniambia niwaambie Jumamosi atakuwa njiani saa ileile, na amewaandalia maswali matatu kila mmoja, kwa majina, kwa sababu mama zenu wote anawajua. Na yule aliyetapika kwenye migomba ataulizwa wa kwanza, maana ile migomba ni yake.